Tina ilitoa gundi, ikaacha nyufa: uchambuzi wa kisa cha spika nne za plastiki

## Usuli

Mwenye kisa hiki ni DJ wa sherehe katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Jina lake, mtaa wake, kumbi alizopiga na chapa ya spika zake nimeziondoa. Amekubali kisa kiandikwe kwa sababu anaamini wenzake wengi husafisha vyombo vyao kama yeye alivyokuwa akisafisha, na mimi, fundi niliyezitengeneza spika hizi, naamini hivyo pia.

Kazi zake ni sendofu, kicheni pati, harusi, na mara mojamoja shughuli za ufukweni. Ana spika nne za plastiki zenye amplifaya ndani. Mbili ni kubwa, za inchi 15, zenye uzito wa karibu kilo 20 kila moja, na hizo ndizo zinazopanda stendi. Mbili ni za inchi 12, za zamani zaidi, anazoziweka upande wa chakula au mbele ya MC. Besi zake ni maboksi ya mbao na hazihusiki hapa. Vyombo husafiri nyuma ya Kirikuu, gari dogo la mizigo, vikiwa vimetenganishwa na mablanketi, na hulala kwenye chumba chenye paa la bati, si mbali na bahari.

Tangu JBL walipotoa spika yao ya EON mwaka 1995, boksi la plastiki lililomwagwa kwenye kalibu limekuwa chombo cha kawaida cha DJ anayehama. Ni jepesi, halivimbi kwa maji kama mbao zilizokandamizwa, na halimenyeki rangi kwa kuwa rangi imo ndani ya plastiki yenyewe. Lakini plastiki si kitu kimoja. Maboksi haya mengi hutengenezwa kwa polipropilini, inayoandikwa PP, au kwa plastiki nyingine iitwayo ABS. Spika kubwa za DJ wetu zilikuwa ABS na ndogo zilikuwa PP. Yeye hakujua, wala hakuna aliyewahi kumwambia kwamba jambo hilo lina maana. Kisa chote kimejengwa juu ya tofauti hiyo.

## Kilichotokea

Mambo yalianza na video. Mjumbe wa kamati ya harusi alimtumia DJ kipande cha shughuli iliyopita, kamera ikipita mbele ya jukwaa. Spika zilionekana na mabaka ya gundi, alama za viganja na vumbi jekundu kwenye matundu ya wavu. Chini yake kulikuwa na ujumbe: "Kaka, Jumamosi tunaomba spika ziwe smati."

Ombi lile lilikuwa la haki. Kamati inalipa fedha nyingi kwa ajili ya ukumbi na maua, na spika mbili zimesimama kulia na kushoto kwa maharusi katika kila picha. Sikubaliani kabisa na mafundi wanaosema usafi wa nje ni urembo tu. DJ anayepeleka vyombo vichafu hupoteza kazi, na pia haoni nyufa zilizojificha chini ya uchafu.

Gundi yenyewe ilitoka kwa wapambaji. Huvika stendi na sehemu ya chini ya spika kwa kitambaa, kisha hukishika kwa selotepu pana ya kufungia maboksi. Usiku wa manane kitambaa kinavutwa kwa haraka na gundi inabaki. Mwisho wa mwaka kuna tabaka kadhaa, zote zimekusanya vumbi, na zote ziko sehemu ileile: kuzunguka tundu la stendi, lile la chini ya boksi linaloingia nguzo ya stendi, na kwenye kona za chini za vishikio.

Ijumaa jioni DJ alimwambia kijana wake azisafishe spika zote. Hakumwambia atumie nini. Kijana, ambaye ni mchapakazi wa kweli, alianza na maji na sabuni ya unga. Vumbi likatoka, gundi ikabaki. Stoo kulikuwa na kopo la tina, kile kiyeyusho cha kuzimulia rangi, lililosalia walipopaka rangi besi za mbao. Akajaribu kwa kitambaa, gundi ikayeyuka palepale, akaendelea hadi spika ya nne. Wavu za mbele akazisugua kwa stilwaya bila kuzifungua. Mwisho akapaka polishi ya dashibodi ya gari kila mahali, pamoja na vishikio.

Jumamosi spika zilimetameta na kamati ilifurahi. Tatizo pekee lilitokea wakati wa kupakia: spika moja kubwa ilimponyoka kijana, kishikio kikiwa kinateleza kwa polishi, ikagonga ukingo wa Kirikuu kwa kona ya chini. Ilipiga usiku kucha bila neno.

Katika wiki zilizofuata mambo yalikuja moja baada ya jingine. Spika kubwa zilipata mabaka ya kijivu yasiyofutika pale tina ilipopita. Vumbi lilishika kuliko zamani, kwa sababu polishi ilibaki na utelezi wake. Wavu zikaanza kutu. Kisha sauti ikaharibika: noti za besi zikawa na mlio wa hewa inayovuja, na spika moja ikawa na mkwaruzo. Fundi wa jirani aliona ufa kwenye kishikio, akaujaza supa gluu, na akashauri wufa zote mbili, yaani vipaza vya sauti za chini vilivyo ndani ya maboksi, zibadilishwe koni.

DJ alikuja kwangu akiwa tayari kulipa. "Fundi, nimeambiwa wufa zimekufa zote mbili. Nipe bei ya koni."

## Uchunguzi

Nilianza na wufa kwa sababu ndizo zilizoshtakiwa. Nilisukuma koni taratibu kwa vidole vilivyosambazwa sawasawa, ikaingia na kutoka bila kukwaruza. Mita ilisoma kati ya om 5 na 6, ambayo ndiyo kawaida kwa wufa iliyoandikwa om 8. Koili zilikuwa nzima.

Nikacheza sauti tupu kutoka kwenye simu, nikiipandisha polepole kutoka hezi 40 hadi 120 kwa sauti ndogo, huku nikipitisha kipande cha karatasi laini kwenye maungio ya boksi, vishikio na tundu la stendi. Mbele ya tundu la besi karatasi lazima itikisike. Hiyo ndiyo kazi ya tundu lile. Lakini ilitikisika pia kwenye kona ya kishikio na ndani ya tundu la stendi, mahali ambapo hewa haina ruhusa ya kupita. Mlio waliousikia ukumbini ulikuwa pumzi ya boksi ikitoka kwenye nyufa.

Kuona ufa mwembamba juu ya plastiki nyeusi ni kazi. Nilisugua unga wa chaki, nikafuta kwa kitambaa kikavu, na chaki iliyobaki ndani ikachora mistari. Spika ya kwanza ilikuwa na ufa mmoja kwenye kona ya kishikio, chini ya ile supa gluu iliyokwisha kubanduka, na nyufa tatu zilizoanzia kwenye mdomo wa tundu la stendi. Mmoja kati ya hizo ulishuka hadi ndani. Ya pili, ile iliyoponyoka, ilikuwa na nyufa za kishikio tu. Spika ndogo hazikuwa na hata ufa mmoja.

Mkwaruzo ulikuwa na sababu yake. Nilipofungua wavu nilikuta nyuzi za stilwaya zimelala juu ya kifuniko cha vumbi katikati ya koni, zikivutwa na sumaku, na kila besi ilipopiga zilichezacheza. Nilizitoa kwa selotepu ya karatasi. Sponji iliyobandikwa nyuma ya wavu nayo ilikuwa inavunjika na kuwa unga wa kunata. Hilo kijana hahusiki nalo. Sponji nyingi za aina hiyo huoza zenyewe kwa unyevunyevu, na hewa yetu ya pwani huharakisha.

Halafu nikatoa kibao cha amplifaya, baada ya kuchomoa umeme na kuacha muda, maana kapasita hushika chaji hata waya ukiwa umechomolewa. Ndani ya boksi kubwa kulikuwa na alama >ABS<, na ndani ya dogo >PP<. Alama hizo huandikwa kati ya mabano ya pembe kwa mujibu wa kiwango cha ISO 11469, na ndicho kitambulisho ninachokiamini. Wapo wanaotupa kipande kwenye maji na kusema kikielea ni PP. PP tupu huelea kweli, kwa kuwa uzito wake ni kama gramu 0.9 kwa kila sentimita ya ujazo, lakini watengenezaji huichanganya na unga wa taliki kuipa ugumu, na ikichanganywa vya kutosha huzama kama ABS. Kama alama haionekani, karatasi ya maelezo ya mtengenezaji mara nyingi hutaja plastiki iliyotumika.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza haukuwa wa sauti. Spika yenye ufa ndani ya tundu la stendi haitapanda stendi tena. DJ alikuwa na harusi wiki ile na akaomba tufunge mkanda au fundi wa kuchomelea atengeneze bamba la chuma. Nilikataa vyote viwili. Spika ikiwa juu ya stendi, uzito wake wote unashuka kupitia kikombe kile kimoja, na mtu akisukuma stendi au upepo ukipiga kitambaa cha mapambo, nguvu inakuja kwa pembeni. Bamba lingefungwa kwa skrubu kwenye plastiki ileile iliyokwisha kudhoofika. Chini yake kuna watoto wanaocheza. Alikodi spika nyingine kwa harusi ile, na uamuzi huo ulimuuma mfukoni.

Nyufa za vishikio nilikubali kuzitengeneza, kwa kuwa kazi ya kwanza pale ilikuwa kuziba hewa, na boksi lina kishikio kingine cha kubebea. Nilitoboa tundu dogo la milimita 2 mwisho wa kila ufa ili usiendelee mbele, nikakwangua upande wa ndani kwa msasa namba 120, nikafuta kwa alkoholi ya isopropili, nikalaza kitambaa cha faibaglasi na gundi ya epoksi ya kuchanganya. Supa gluu haifai hapa: hukauka ikawa ngumu na kavu, na boksi linapotikisika hupasuka. Zaidi ya hapo, polishi ya dashibodi ina silikoni, na juu ya silikoni gundi nyingi hazishiki. Ndiyo maana ile ya fundi wa jirani ilibanduka. Nilifuta na kusugua kwa msasa zaidi ya mara moja kabla ya kuweka epoksi.

Usafi wenyewe tulikubaliana ufanywe upya, na kijana aufanye mwenyewe mbele yangu.

Kwanza brashi laini kavu, spika ikiwa imezimwa na kuchomolewa, kuanzia juu kwenda chini. Blowa inaruhusiwa kwenye mapezi ya kupooza joto nyuma, kwa umbali, na kamwe si kwenye koni wala mdomo wa twita, kile kipaza cha sauti za juu. Kisha lita moja ya maji ya uvuguvugu na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Kitambaa kinachovywa na kukamuliwa hadi kisidondoshe. Tundu la besi linazibwa kwa kitambaa kikavu, na kibao cha nyuma chenye matundu ya waya hakiguswi na maji. Kinafutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu. Baada ya sabuni, kitambaa cha pili chenye maji matupu, kwa kuwa sabuni ikibaki huvuta vumbi. Mikunjo midogo ya plastiki, ambako uchafu wa viganja hujificha, inahitaji mswaki mzee.

Gundi ya selotepu ilichukua muda mrefu kuliko kazi nyingine zote, na hapo ndipo subira ya mtu hupimwa. Tulitumia mashine ya kukaushia nywele kwa joto la chini hadi gundi ilegee, kisha kijana akaiviringisha kwa dole gumba na kuikwangua kwa kadi ya simu iliyokwisha muda. Ukungu uliobaki ulitoka kwa isopropili ya asilimia 70, ikiwekwa kwenye kitambaa na si kumwagwa kwenye boksi, baada ya kuijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Petroli na tina ni mwiko kwa ABS. Asetoni, iliyomo kwenye viondoa rangi ya kucha vingi, huyeyusha ABS kabisa. Wapo wanaopendekeza mafuta ya kula au mafuta ya maganda ya machungwa. Nayo siyaweki kwenye ABS, kwa kuwa baadhi ya mafuta hayo huchochea nyufa kimyakimya.

Wavu zilitolewa. Kutu iliondolewa kwa msasa, zikapakwa rangi ya msingi ya kuzuia kutu, kisha rangi nyeusi ya kupuliza kwa tabaka jepesi ili matundu yasizibe. Zilipuliziwa nje, mbali na maboksi, maana ile rangi ya kupuliza ina viyeyusho vilevile tunavyovikimbia. DJ alitaka kuweka sponji ya godoro nyuma yake kwa kuwa ni rahisi kupata. Nilimzuia: hupunguza sauti za juu, na MC anasikika kama amefunikwa mdomo. Tulisubiri sponji yenye vinyweleo vilivyo wazi, ile ambayo ukiipuliza kwa mdomo pumzi inapita upande wa pili bila kizuizi.

Skrubu zilirudishwa kwa bisibisi ya mkono. Hakuna dawa ya kufunga nati iliyotumika. Dawa hiyo ni nzuri kwenye chuma, lakini ikidondokea ABS huipasua.

## Matokeo

Mlio wa hewa ulikwisha kwenye vishikio vya spika zote mbili kubwa na mkwaruzo ukatoweka. Hakuna koni iliyobadilishwa. Mabaka ya kijivu kwenye ABS hayakurudi kuwa meusi na hayatarudi, kwa sababu uso wenyewe wa plastiki uliyeyuka na kuganda upya. Spika ndogo za PP, zilizo kuukuu na za bei nafuu, sasa ndizo zenye uso mzuri kuliko zote. Silikoni ilihitaji kuoshwa kwa sabuni mara kadhaa kabla vishikio havijaacha kuteleza.

Spika iliyopasuka tundu la stendi inafanya kazi chini, mbele ya DJ mwenyewe, na imeandikwa kwa rangi nyeupe upande wa chini: STENDI HAPANA. Epoksi ya vishikio ilikuwa bado imeshika tulipoikagua baada ya msimu wa mvua.

## Uchambuzi

Swali la kwanza la DJ lilikuwa kama tina ndiyo iliyopasua spika au kule kuponyoka. Ushahidi wenyewe unasaidia. Spika iliyoanguka haikupata ufa kwenye kona iliyogonga. Ilipata kwenye vishikio, kama mwenzake ambayo haikuanguka. Nyufa zote zilianzia pale palipokuwa na gundi, yaani pale kitambaa cha tina kilipokaa muda mrefu. Na spika za PP, zilizofutwa kwa tina ileile na kusafiri kwenye gari lilelile, zilibaki nzima. Anguko halikuwa sababu.

Lakini tina peke yake pia haitoshi kueleza, maana pande pana za maboksi ya ABS zilifutwa na hazikupasuka. Zilififia rangi tu. ABS hupasuka kiyeyusho kinapokutana na mkazo. Kuzunguka tundu la stendi kuna uzito, na kwenye vishikio kuna mvuto wa kubeba na skrubu zilizokazwa, juu ya mkazo unaobaki ndani ya plastiki tangu ilipopoa kwenye kalibu. Kiyeyusho huingia hapo na kulegeza mshikamano wa plastiki, na ufa hufunguka kwa siku au wiki. Huko kuchelewa ndiko kunakodanganya watu. Jumamosi spika zilipendeza, kwa hiyo hakuna aliyeunganisha ufa wa baadaye na kitambaa cha Ijumaa. Fundi wa jirani naye alisikia sauti mbaya akatafuta kosa kwenye kitu kinachotoa sauti.

Polishi iliharibu mambo matatu kwa mkupuo mmoja: utelezi, vumbi na gundi isiyoshika. Mtu akitaka weusi uliokolea kwenye PP iliyopauka kwa jua, kitambaa safi chenye unyevu kabla ya wageni kuingia kinatosha kwa picha za jioni. Dawa ya kudumu ya jua ni kifuniko wakati wa kusafiri, kiwe cha turubai nzito na kivuliwe spika zikifika nyumbani, kwa kuwa spika iliyofunikwa ikiwa na joto au unyevu hukaa na unyevu huo usiku mzima.

Kijana alilaumiwa sana mwanzoni. Mimi simlaumu. Alipewa kazi ya kitaalamu jioni moja kabla ya shughuli, bila maelekezo, stoo ikiwa na kopo moja tu linalotoa gundi. Alianza hata na sabuni, jambo ambalo wengi hawafanyi. Kilichobadilika sasa ni kwamba tina imehamishiwa kwa fundi rangi, ndoo ya kusafishia ina chupa yake ya isopropili na vitambaa vyake, na usafi unafanywa Jumatatu au Jumanne, kukiwa na muda wa kuona ufa na kukodi spika ikibidi. Kijana hupitisha tochi ya pembeni kwenye tundu la stendi kila anapofuta, na ndiye aliyegundua mguu wa mpira uliokuwa umelegea kwenye spika ndogo kabla hujadondoka.

Lililobaki bila ufumbuzi ni selotepu. DJ alinunua vifuniko vya stendi vya kitambaa cha kunyumbuka ili wapambaji wasihitaji kubandika kitu, na baadhi yao wamevipokea vizuri. Wengine wanafika ukumbini saa nzima kabla yake, stendi ya ukumbi ikiwa imesimama tayari, na anapofika anakuta kitambaa cha rangi ya harusi kikingoja spika ipandishwe ili kibandikwe. Amewapa roli ya selotepu ya karatasi, ambayo gundi yake hubanduka kwa urahisi ikitolewa usiku uleule, na anawaomba wabandike kwenye chuma cha stendi badala ya boksi.